Kanisa linahubiri kaburini, kikao cha ukoo kinaamua kihamba: utume gani huu? (Moshi na Arusha tujadiliane)

Mtoto wa Old Moshi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna swali linarudi kila mara makanisani kwetu: kazi ya Kanisa ni kuhubiri Injili watu waokoke, au ni pamoja na kupigania haki za watu? Tukilijadili huwa macho yote yako Dodoma na Dar. Tunazungumzia waraka wa maaskofu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT) wa Pasaka 2018, tamko la Baraza la Maaskofu Katoliki (TEC) la Agosti 2023 kuhusu bandari, na nani kamkemea nani. Ni mambo mazito na siyadharau. Ila mimi naomba leo tulitazame swali hili kutokea kwenye kihamba.

Kwa wasio wa huku: kihamba ni shamba la nyumbani la Mchagga, lenye migomba, kahawa, ng'ombe wa ndani na makaburi ya wazee. Kinapita kwa wanaume wa ukoo, na kwa kawaida kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Binti huhesabiwa kuwa ataolewa. Mke anakihudumia maisha yake yote, anapalilia, anakata mikungu, anapanda mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka tambarare. Mume akifa, anaanza kuishi kwa idhini ya wanawe, na kama hana mtoto wa kiume, kwa idhini ya mashemeji.

Sasa fuateni msiba wetu wa kawaida. Ibada inafanyika, wasifu wa marehemu unasomwa: alibatizwa mwaka gani, alipata kipaimara wapi, alifunga ndoa takatifu na nani, aliimba kwaya, alikuwa mzee wa kanisa, alichangia paa la kanisa. Mchungaji anasimama mbele ya umati na kushuhudia kwamba ndugu huyu aliishi Kikristo na amelala katika Kristo. Watu wote wanaitikia. Kaburi linafunikwa, mashada yanawekwa.

Siku chache baadaye ukoo unakaa. Muhtasari wa kikao unaandikwa, shemeji mmoja anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, karatasi inapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mjane anaitwa mwishoni kuweka sahihi, wakati mwingine bado amevaa nguo za msiba na hajasomewa kilichoandikwa. Mle kikaoni, aliyezikwa kama Mkristo hodari amegeuka kuwa mtu wa mila, na mali yake itagawanywa kimila. Walioamua hivyo wengi wao ni wale wale waliobeba jeneza, na baadhi ni wazee wa kanisa.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo, naomba mnisome taratibu. Nchi yetu ina njia tatu za mirathi: ya mila, ya Kiislamu, na ile Sheria ya Urithi ya India ya 1865 tuliyoachiwa na Waingereza. Mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 kwa wilaya nyingi za nchi zinasema mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mila ya huku mlimani haikusubiri kuandikwa na mtu, na kwa mjane haina nafuu kubwa. Kwa sheria ya 1865, mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, na theluthi mbili wanagawana watoto, wa kike kwa wa kiume, sawasawa.

Na mahakama inajuaje ni ipi itumike kwa Mwafrika Mkristo? Inaangalia namna marehemu alivyoishi na nia aliyokuwa nayo. Cheti cha ubatizo peke yake hakitoshi. Mahakama inataka kujua kama aliishi maisha ya Kikristo kweli na kuachana na taratibu za kimila, na inasikiliza mashahidi.

Wakuu, ni nani mwenye ushahidi huo kuliko Kanisa? Kanisa lina vitabu vya ubatizo na ndoa, lina kumbukumbu za baraza la wazee, na lina mchungaji aliyetangaza kwa kipaza sauti, mbele ya mamia ya watu, kwamba huyu aliishi Kikristo. Kinachonichoma ni kwamba ushuhuda huo tunautoa kaburini tu, mahali ambapo haumgharimu mtu chochote. Mahali ambapo ungemwachia mjane paa lake tunanyamaza, tunasema "hayo ni mambo ya familia".

Halafu tuangalie nidhamu yetu. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, anatengwa na Meza ya Bwana mpaka arudi kundini mbele ya usharika mzima. Kijana anayeishi na mwenzake bila ndoa, hivyo hivyo. Shemeji aliyemtoa mke wa marehemu kaka yake kwenye nyumba aliyoijenga pamoja na mumewe anashiriki Meza ya Bwana Jumapili inayofuata, na siku ya mnada wa mavuno jina lake linatajwa kwa shangwe. Yesu aliwasema watu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu, Marko 12:40. Hakuwaweka kwenye fungu la mambo ya familia.

Najua Kanisa limefanya makubwa huku. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika mlimani 1893, Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa Kilema kabla yao, na tangu hapo tumepata shule, hospitali za Machame na Kibosho, na hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa 1971. Kahawa yenyewe iliyosomesha wazee wetu ilipitia bustani za misheni. Ninashukuru kwa moyo wote. Lakini mjane aliyetibiwa vizuri hospitali ya Kanisa akaruhusiwa, arudi nyumba ipi?

Napendekeza mambo haya tuyabishanie. Kila usharika na parokia iwe tayari kumpa mjane barua ya ushuhuda wa maisha ya marehemu, ipelekwe mahakamani. Mafundisho ya ndoa yawe na somo la wosia. Na anayemdhulumu mjane awekwe chini ya nidhamu ya Kanisa kama wengine wanavyowekwa. Karibuni.

#2 Msafiri wa Himo

Mkuu, umeandika kwa uchungu na nakuheshimu. Ila mimi naogopa njia hii inakoelekea. Agizo la mwisho la Bwana liko wazi: enendeni mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi. Paulo alipita miji iliyojaa watumwa na dhuluma, akahubiri Kristo aliyesulubiwa. Hakufungua ofisi ya sheria. Na Bwana mwenyewe, aliposimama mbele ya Pilato, alisema ufalme wake si wa ulimwengu huu.

Kuna makanisa Ulaya yaliyoanza kusema haki, haki, haki, na leo ukiingia Jumapili unakuta wazee saba na jengo zuri. Mtu akizaliwa mara ya pili hatamnyang'anya mjane. Tubadilishe mioyo, mashamba yatajibadilisha yenyewe.

#3 Mama wa Kilema

Mimi ni Mkatoliki, niko WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki. Ndugu yangu wa Himo, hao mashemeji wanaokaa vikao wamebatizwa wote, wamepata kipaimara wote, wengine wanasali rozari kila Oktoba. Tutasubiri wabadilike mioyo mara ngapi?

Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo tulifanya kitu kimoja tu. Mwenzetu alipofiwa, tulikubaliana asikae kikaoni peke yake. Tulikwenda wanawake wanne, tukakaa nyuma, hatukusema neno. Walitutazama sana. Muhtasari ulisomwa kwa sauti, jambo ambalo nimeambiwa halikuwa desturi ya ukoo ule. Hakutolewa nyumbani. Sisemi ni suluhisho, nasema tulikuwepo.

#4 Mtoto wa Old Moshi

Mama wa Kilema, ubarikiwe sana. Hicho ulichokieleza ni utume, hata kama hakuna aliyehubiri pale.

Ndugu Msafiri wa Himo, hofu yako ni ya kweli. Kanisa likimwacha Kristo linabaki chama tu, na vyama vingine vipo. Ila tusome Matendo sura ya 6 pamoja. Kanisa lilikuwa linakua, mitume wamezama kwenye Neno, likatokea nung'uniko: wajane wa Kiyunani wanasahaulika katika huduma ya kila siku. Ni dhuluma ndani ya Kanisa lenyewe, tena ya kikabila. Mitume hawakusema hayo ni mambo ya mezani sisi tunahubiri. Waliita mkutano, wakachagua watu saba wenye kujaa Roho na hekima, na majina yao yote ni ya Kiyunani, yaani inaonekana waliwapa usimamizi watu wa upande ulioonewa. Mstari wa 7 unasema baada ya hapo Neno la Mungu likaenea na idadi ya wanafunzi ikazidi sana. Kusikiliza wajane hakukupunguza mahubiri hata kidogo.

Na Bwana alipoanza kazi yake Nazareti, Luka 4, alifungua Isaya: maskini kuhubiriwa habari njema, walioonewa kuachwa huru. Siwezi kuchagua mstari wa Mathayo 28 nikaufunga huo.

Jambo hili hata wainjilisti wenzako walilitafakari. Lausanne, Uswisi, mwaka 1974, kwenye mkutano ulioitishwa na Billy Graham, ambaye hakuna anayemtilia shaka kwa kuhubiri wokovu, walikubaliana kwamba uinjilisti na kushughulika na mambo ya jamii na siasa yote mawili ni wajibu wa Mkristo, na wakatubu kwa kuyachukulia kana kwamba yanagombana. Na Mwalimu Nyerere, Mkatoliki wa kila siku, aliwaambia masista wa Maryknoll kule New York Oktoba 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kuzipinga taratibu za jamii na uchumi zinazowafunga watu kwenye ufukara na udhalili, litakosa maana kwa watu. Hakuwaambia waache sala.

#5 Mzee wa Mwika

Vijana, nimesoma. Nami naomba nisikilizwe, maana mila inasemwa hapa kama mshitakiwa asiye na wakili.

Kihamba hakikuwekwa kwa wanaume ili wanawake waonewe. Kiliwekwa ili kisitoke. Pale wamelala baba, babu na baba wa babu. Mtu akiuza kihamba, ameuza na makaburi. Ndiyo maana mila ilikataa kukigawa ovyo, na ikamwachia ukoo ulinzi. Mjane alikuwa halindwi na karatasi, alilindwa na watu. Ndugu wa mume walikuwa na wajibu: kumlimia, kumsomeshea watoto, kumjengea. Mwanamume aliyemfukuza mjane wa kaka yake alidharaulika hadi kaburini.

Leo mnataka theluthi. Vihamba vyetu vimebaki vipande vidogo. Ukigawa theluthi kwa mama, theluthi mbili kwa watoto sita, kila mmoja anapata mstari wa migomba. Mmoja wao yuko Dar, anauza kwa mgeni, mgeni anajenga gesti juu ya makaburi. Hapo mmetenda haki kwa nani?

Hata Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefanya kazi huku mlimani kwa miaka mingi, Old Moshi ikiwemo, hadi 1938 na kuandika sana juu ya sheria za Wachagga, aliona ukoo na ujirani ni kazi ya Mungu, na alihofia Kanisa litakalomng'oa mtu kutoka kwa watu wake. Na mkinisomea habari ya binti za Selofehadi waliopewa urithi, basi msiishie sura ya 27 ya Hesabu. Someni na 36: waliagizwa kuolewa ndani ya kabila la baba yao ili urithi usihame.

Dhuluma ninaikataa. Lakini msivunje nyumba kwa sababu ya mwizi aliyeingia.

#6 Mkaazi wa Usa River

Shikamoo mzee wetu wa Mwika. Naomba niingie kutokea upande wa Meru, kwa sababu huku suala la ardhi na Injili havijawahi kuachana hata siku moja.

Wamisionari wa Leipzig walipokuja Akeri mwaka 1896, wawili waliuawa, na baada ya hapo jeshi la Wajerumani likaja kulipiza kisasi: watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa. Zaidi ya miaka mitatu baadaye, 2 Machi 1900, Mangi (mtawala) Meli alinyongwa kule Old Moshi pamoja na viongozi wengine, wakiwemo wa Meru na Arusha. Wazee wetu waliipokea Injili hata hivyo, na hili kwangu ni ajabu ya neema. Lakini waliipokea wakijua inakuja kwenye nchi yenye swali la nani anamiliki nini.

Halafu ikaja Novemba 1951. Serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ardhi ikatengwa kwa walowezi wa Kizungu. Watu wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kuieleza dunia. Hatukurudishiwa ardhi siku ile. Lakini hakuna Mmeru aliyewahi kuniambia kwamba Kirilo alipoteza muda wake badala ya kuokoa roho.

Sasa sikilizeni hili. Machi 2018 Baraza la Makanisa Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa utume na uinjilisti hapa hapa kwetu, Ngurdoto, wenyeji wakiwa KKKT. Walikuja zaidi ya watu elfu moja. Kutoka pale, Engare Nanyuki iko nyuma tu ya hifadhi. Walitoa tamko linaloitwa Wito wa Arusha, na ndani yake wanasema tumeitwa kutafuta haki pamoja na watu walionyang'anywa na kuhamishwa kwenye ardhi zao, na kuifuata njia ya msalaba inayopinga upendeleo na mamlaka ya kujikweza. Mimi naongeza Isaya 5:8, ole kwa wale wanaounganisha nyumba na nyumba, shamba na shamba, mpaka wenzao wanakosa nafasi.

Mzee wangu, mlowezi alipounganisha shamba na shamba tulilia, na dunia ikasikia. Shemeji anapofanya hivyo kwa mke wa ndugu yake, Isaya ni yule yule. Inaniuma kwamba Wito ule ulitoka kwenye ardhi yetu, kwa jina la mji wetu, na sharika nyingi zilizo jirani kabisa na Ngurdoto hazijawahi kuwasomea watu.

#7 Sheria ya Nyumbani

Nafanya kazi za mahakama hapa Moshi. Nirekebishe na kuongeza machache, msije mkampoteza mjane njiani.

La kwanza ni mamlaka. Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu. Kama unasema marehemu aliishi Kikristo na sheria ya 1865 itumike, hapo si mahali pake, inabidi shauri lifunguliwe ngazi ya juu. Watu wengi wanapeleka kwenye Mahakama ya Mwanzo kwa sababu iko karibu na ni nafuu, na kwa kupeleka pale wamekwisha kuchagua mila bila kujua. Kwa hiyo barua ya usharika ikifika baada ya miezi sita, imechelewa. Ushauri utolewe mapema, kabla muhtasari haujapelekwa.

Msimamizi wa mirathi naye si mrithi. Ni mtumishi wa warithi. Akiteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kurudisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, fomu namba 5, kisha hesabu ya mirathi kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, fomu namba 6. Mjane ana haki ya kuweka pingamizi kabla ya uteuzi, na kuomba msimamizi aondolewe akifuja. Hakuna kikao cha ukoo kinachoweza kumvua haki hiyo.

Mzee wa Mwika, nakusikia. Lakini hata mila yenyewe haina uhuru wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Kwenye mirathi bado tumekwama: wajane wawili wa Shinyanga walifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake (CEDAW), na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao kwa kuziacha zile mila za 1963 ziendelee.

Dawa iliyo karibu kuliko zote ni wosia. Mume na mke waandike wakiwa wazima, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, na shahidi asiwe mtu anayerithi. Unaweza kuuhifadhi RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Na mzee, wosia unaweza kabisa kuandika kwamba makaburi hayauzwi.

#8 Mtoto wa Old Moshi

Shikamoo mzee wangu wa Mwika. Umeniingia moyoni, sitasema vinginevyo. Ule ulinzi unaouelezea ulikuwepo, nyanya yangu aliishi ndani yake. Lakini wewe mwenyewe umesema: ndugu walikuwa na wajibu wa kumlimia na kumsomeshea watoto. Leo wajibu ule umekufa, haki ya kuchukua ndiyo imebaki. Shemeji yuko Dar au Mwanza, hajamlimia hata tuta moja, anakumbuka mila siku ya kikao. Ukoo ukirudisha wajibu wote, mimi nitakaa chini nikusikilize. Hadi hapo, mjane anabaki na nusu ya mila, tena ile nusu inayomuumiza.

Umetaja makaburi na urithi wa baba. Nabothi alisema maneno hayo hayo: Mungu apishe mbali nikupe urithi wa baba zangu. Aliyemwua hakuwa Ahabu kwa mkono wake. Yezebeli aliandika barua kwa wazee na watu wenye cheo wa mji, nao wakatangaza mfungo wa kidini, wakaitisha kikao, wakaleta mashahidi wa uongo. Kila kitu kilifuata utaratibu. Sura hiyo, 1 Wafalme 21, huwa naisoma nikiwaza wazee wale walirudije nyumbani jioni wakala na watoto wao. Kilichovunja ukimya ni nabii mmoja aliyetumwa kwenda kusimama ndani ya lile shamba. Eliya hakutumwa hekaluni, alitumwa shambani.

Kuhusu Hesabu 36, ni kweli waliwekewa sharti la kuolewa ndani ya kabila. Lakini urithi waliupata, na Mungu alisema wasichana wale wamenena sawa. Sharti liliwekwa juu ya haki iliyokwisha kutolewa. Tukianzia hapo na sisi, tutaelewana: mama na mabinti wawe na fungu lao, kisha tukubaliane kwa wosia kwamba kihamba kisitoke nje ya familia bila wote kuridhia. Hilo nitalitetea pamoja na wewe.

Mkuu Sheria ya Nyumbani, asante kwa kunirekebisha kuhusu Mahakama ya Mwanzo.

#9 Dada wa Kiborloni

Naomba kuuliza. Vipi yule ambaye hakufunga ndoa kanisani? Ameishi na mtu miaka kumi na tano Kiborloni, wana watoto watatu, kanisa liliwatenga wote wawili. Mwanamume amekufa. Huyu barua ya usharika ataipata wapi?

#10 Mtoto wa Old Moshi

Dada, hilo swali ni gumu na sitaki kulipita juu juu. Barua ninayoizungumzia haiwezi kusema uongo kwamba kulikuwa na ndoa takatifu. Lakini Kanisa linaweza kushuhudia lilichokijua: kwamba watu hawa waliishi pamoja kama familia, watoto hawa walibatizwa hapa kwa jina la baba huyu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inadhania waliokaa pamoja miaka miwili na zaidi na kutambulika kuwa mume na mke kwamba walioana, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Usharika ukiwatenga na Meza ya Bwana, haukuwatenga na haki. Bwana alikaa na mwanamke Msamaria kisimani, akiijua habari yake yote, na akazungumza naye kabla ya mtu mwingine yeyote wa mji ule.

#11 Msafiri wa Himo

Nimesoma kimya kutwa nzima. Bado naamini moyo kwanza. Ila ile ya nidhamu imenishika. Kama tunamtenga binti na hatumtengi shemeji, basi hata mahubiri yangu ya toba yana upungufu, maana nimekuwa nikiwaita watubu watu ambao hawana uwezo wa kunijibu. Hapo sina cha kubisha.

#12 Mchungaji wa vijijini

Bwana Yesu asifiwe. Sitataja dayosisi wala jimbo.

Niwaambie kwa nini tunanyamaza. Si kwamba hatujui maandiko mliyoyataja. Shemeji anayekalia kihamba cha mjane mara nyingi ndiye aliyetoa mabati, ndiye anayeitwa mgeni rasmi kwenye harambee, na ndiye anayemjua mtu anayeamua mchungaji ahamishiwe wapi. Mjane bahasha yake ya ahadi ina elfu mbili. Mtumishi ana watoto shuleni. Nimeona wenzangu wakisema ukweli wakajikuta wamehamishwa kabla ya mwaka kwisha. Nalisema hili ili mkituombea mjue mnaomba nini, na mkisimama nasi mjue ni wapi pa kusimama. Mchungaji mmoja anahamishwa. Baraza zima la wazee likipitisha jambo kwa azimio, halihamishwi.

Kwa hiyo naona njia iko hapo. Mwezi huu nina kikao cha baraza la wazee wa usharika. Nitaleta ajenda mbili: barua ya ushuhuda iwe utaratibu wa usharika kwa kila msiba, bila mjane kuiomba, ili isionekane mchungaji kachukua upande, na somo la wosia kwenye mafundisho ya ndoa. La nidhamu nitalileta baadaye, nikiwa na watu. Naomba mwenye ujuzi anisaidie: barua hiyo iandikwe nini?

#13 Mzee wa Mwika

Mchungaji, mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wetu. Ajenda ya kwanza nitaiunga mkono na kuileta kwetu pia. Ya theluthi bado tutabishana.

#14 Sheria ya Nyumbani

Mchungaji, iandikwe fupi na isiwe na sifa za jumla. Jina la marehemu na namba zake kwenye kitabu cha ubatizo na cha ndoa, tarehe ya ndoa na jina la mke. Majina ya watoto waliobatizwa, wa kike na wa kiume wote. Nafasi alizoshika na miaka yake. Kama alikuwa na mke mmoja, iseme hivyo. Kama alikataa waziwazi taratibu fulani za kimila, kwa mfano alikataa tambiko nyumbani kwake, iseme lini na mbele ya nani, maana hapo ndipo mahakama inapotazama zaidi. Kama aliwahi kutamka nia yake kuhusu mali mbele ya mchungaji au wazee, iandikwe na majina ya waliosikia. Sahihi mbili, ya mchungaji na ya katibu wa baraza, na muhuri. Na waliotia sahihi wawe tayari kuitwa kutoa ushahidi, kwa sababu wataitwa.

Nakala apewe mjane mkononi siku ya mazishi, kabla ukoo haujakaa. Asiyemudu wakili aelekezwe kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya 2017, au KWIECO, shirika la kusaidia wanawake kisheria pale Moshi, wamekuwa wakifanya kazi hii tangu miaka ya 1980. Nitumie ujumbe wa faragha mchungaji, nikutumie rasimu leo usiku.